Alama 14 kwa majeruhi aliyekuwa akivuja damu: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki ni cha kweli. Tarehe, mahali, umri kamili na kila kinachoweza kumtambulisha mgonjwa au hospitali vimeondolewa. Nilishiriki kikao cha kukipitia, na ninakiandika kwa ajili ya madaktari, maofisa tabibu na wauguzi wanaopokea majeruhi, hasa usiku, hasa pale ambapo mtaalamu wa juu yuko nyumbani na simu ndiyo msaada wa kwanza.

Usuli

Hospitali ina chumba cha upasuaji kinachofanya kazi saa zote, benki ndogo ya damu na maabara inayopima PT na INR (vipimo vya muda wa damu kuganda) lakini haipimi fibrinojeni (protini inayojenga donge la damu). Ina kifaa kimoja cha mkononi cha kupima gesi za damu. Huduma ya kuziba mishipa ya nyonga kwa kupitisha mpira ndani ya mshipa haipo.

Idara ya dharura hutumia fomu ya alama ya ukali wa majeraha, ISS, kwa kila majeruhi. Fomu inaelekeza kwamba alama ikizidi 15, iitwe timu ya majeraha makubwa na ufunguliwe mpango wa kuongeza damu nyingi. Ikiwa 15 au chini yake, mgonjwa anaendelea kuhudumiwa na timu ya zamu. Kila aliyefuata fomu usiku ule aliifuata kwa uaminifu, na ndiyo maana kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa kina.

Mgonjwa alivyofika

Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, dereva wa pikipiki, aligongwa na gari na kurushwa. Alifikishwa dakika 50 baada ya ajali. Njia ya hewa ilikuwa wazi. Alipumua mara 26 kwa dakika, presha 98/62, mapigo ya moyo 124. Fahamu ilikuwa 14 kati ya 15 kwenye kipimo cha Glasgow: alijibu maswali, ila alirudiarudia kuomba maji. Ngozi ilikuwa ya baridi. Joto la mwili halikupimwa.

Majeraha yaliyoandikwa: paja la kulia limevunjika, mbavu mbili za kushoto zimevunjika, michubuko mgongoni na mikononi. Timu ikahesabu ISS ikapata 14. Hemoglobini ya kwanza ilikuwa 11.8, na nayo ikatuliza watu.

Mfululizo wa matukio

Dakika ya 50 hadi 85. Mgonjwa alipewa lita mbili za normal saline kwa kasi, maji ya joto la chumba. Paja la kulia likafungwa banzi. Sampuli ya kundi la damu ikatumwa. Ya PT haikutumwa. Presha ikapanda hadi 112/70, mapigo yakashuka hadi 118. Ikaandikwa kwenye faili kuwa hali imetulia, na mgonjwa akapelekwa kupigwa picha ya paja.

Dakika ya 115. Alirudi kutoka chumba cha eksirei akiwa amebadilika. Presha 78/46, mapigo 142, fahamu 12, anavuta shuka na kutaka kushuka kitandani. Muuguzi aliyekuwa akibadilisha plasta ya kanula aliona kitu kilichomfanya amwite daktari bingwa moja kwa moja: damu ilikuwa inachuruzika pembeni ya kanula zote mbili, na michubuko ya mgongo, iliyokuwa imeanza kukauka, ilikuwa imelowanisha shuka upya. Damu ile ilikuwa nyepesi, haina hata kidonge kimoja kilichoganda.

Dakika ya 120. Daktari bingwa alifika na kuagiza nguo zote zikatwe. Suruali ilikuwa imekatwa mguu wa kulia tu. Paja la kushoto nalo lilikuwa limevimba na kulegea katikati. Korodani zilikuwa na rangi ya zambarau, na kulikuwa na tone la damu kwenye tundu la mkojo. Kwa tahadhari, hakuna aliyeitikisa nyonga kuipima. Shuka lilikunjwa na kukazwa kuzunguka mwili usawa wa nundu za juu za mifupa ya mapaja, magoti yakafungwa pamoja. Joto la mwili lilikuwa nyuzi 34.1.

Dakika ya 125. Gramu moja ya asidi ya traneksami, dawa inayozuia donge la damu lisiyeyuke, ikaanza kuingia kwa dakika 10, kisha nyingine ikapangwa kwa saa nane. Mpango wa damu nyingi ukafunguliwa kwa simu. Mililita mbili za damu ziliwekwa kwenye chupa ya kioo, safi na kavu, ikasimamishwa kando ya kitanda bila kuguswa. Gesi za damu zilionyesha upungufu wa besi wa 11 na laktati 6.8, dalili kwamba tishu zinakosa oksijeni, na kalsiamu huru ya chini, 0.94.

Dakika ya 130 hadi 170. Ultrasaundi ya haraka haikuonyesha damu tumboni. Eksirei ya kitandani ilionyesha nyonga imefunguka mbele, na nyuma kiungio cha upande mmoja kimeachia. Ilipofika dakika ya 145 ile chupa ya kioo iliinamishwa: kulikuwa na donge laini lililovunjika na kutiririka pamoja na damu iliyobaki. Damu nzima ikaanza kuingia kupitia mashine ya kupasha joto, plazima (sehemu ya majimaji ya damu) ikiwa inayeyushwa. Majibu ya maabara yalitoka dakika ya 170: INR 1.9, chembe sahani (chembe za kugandisha damu) 121, hemoglobini 6.9.

Dakika ya 190. Aliingia chumba cha upasuaji.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha maji. Kila lita ya saline iliyoingia ilikuwa imezimua protini za kugandisha damu, ikapoza mwili na kuongeza tindikali, kwa kuwa ina kloridi nyingi kuliko damu yenyewe. Mgonjwa hakuwa na dalili ya jeraha la ubongo, kwa hiyo timu ilikubali namba ya juu ya presha iwe 80 hadi 90 tu mpaka damu idhibitiwe. Kama angekuwa na jeraha la kichwa, ruhusa hiyo isingekuwepo, maana ubongo ulioumia hauvumilii presha ya chini.

Traneksami ilitolewa bila kusubiri INR. Utafiti wa CRASH-2, uliochapishwa mwaka 2010 ukiwa na majeruhi zaidi ya 20,000 kutoka nchi 40, ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza vifo. Uchambuzi uliofuata mwaka 2011 ulionyesha kuwa saa ndiyo inayoamua: waliopewa ndani ya saa moja, vifo vya kuvuja damu vilikuwa asilimia 5.3 dhidi ya 7.7 ya wasiopewa. Kati ya saa moja na tatu, asilimia 4.8 dhidi ya 6.1; lakini baada ya saa tatu, vifo hivyo viliongezeka, asilimia 4.4 dhidi ya 3.1. Mgonjwa wetu alikuwa dakika ya 125. Kungoja majibu ya maabara kungemfikisha ukingoni kabisa mwa saa ya tatu.

Damu nzima ilichaguliwa kutangulia kwa sababu ilikuwepo, na kila mfuko una plazima yake ndani. Plazima iliyogandishwa kwa baridi ilihitaji zaidi ya nusu saa kuyeyuka. Lengo lilikuwa kukaribia uwiano wa moja kwa moja kati ya seli nyekundu na plazima. Mwaka 2015 utafiti wa PROPPR, kwa wagonjwa 680, ulilinganisha uwiano huo na ule wenye plazima kidogo zaidi, na ingawa vifo vya jumla vya siku 30 havikutofautiana kwa kiwango cha kuaminika kitakwimu, waliokufa kwa kuishiwa damu ndani ya saa 24 walikuwa wachache zaidi kwa uwiano wa moja kwa moja, asilimia 9.2 dhidi ya 14.6.

Kalsiamu ilitolewa mapema, pamoja na mfuko wa pili wa damu, badala ya kusubiri dalili. Sitreti inayozuia damu isigande mfukoni hunasa kalsiamu ya mgonjwa, na bila kalsiamu hatua kadhaa za kuganda hazifanyiki. Hapa ipo hatari ndogo ya kivitendo: mililita 10 za kalsiamu kloridi ya asilimia 10 zina kalsiamu takriban mara tatu ya mililita 10 za kalsiamu glukoneti ya asilimia 10. Anayeandika "kalsiamu mililita 10" bila kutaja ni ipi hajaandika dozi.

Upasuaji uliwekewa mpaka kabla haujaanza. Mpasuaji na mtaalamu wa usingizi walikubaliana wafanye mambo matatu tu: kujaza vitambaa nyuma ya ukuta wa tumbo mbele ya nyonga, kufunga nyonga kwa fremu ya nje, na kunyoosha mapaja kwa fremu za muda. Hakuna nondo ya ndani ya mfupa, hakuna urekebishaji mzuri wa kuonekana kwenye picha. Hewa ya chumba ilipandishwa joto hadi wahudumu wakatokwa jasho. Kazi ilimalizika kwa dakika 50.

Matokeo

Kwa saa 24 za kwanza alipokea mifuko 11 ya damu na sita ya plazima. Vitambaa vilitolewa baada ya siku mbili, joto likiwa 36.8, INR 1.2 na laktati 1.8. Alikaa kwenye mashine ya kupumulia kwa siku tano. Figo zilisuasua kisha zikarudi bila kusafishwa damu. Siku ya tisa mguu wa kushoto ulivimba, ultrasaundi ikaonyesha damu iliyoganda kwenye mshipa mkubwa wa paja. Alitibiwa, na akatoka hospitali baada ya wiki saba akitembea kwa magongo.

Ile 14 ilitoka wapi

Hesabu ya ISS ilibuniwa na Susan Baker na wenzake mwaka 1974. Kila jeraha hupewa alama ya AIS kuanzia 1, jeraha dogo, hadi 6, jeraha lisilotibika. Mwili hugawanywa katika maeneo sita: kichwa na shingo, uso, kifua, tumbo na viungo vilivyomo ndani ya nyonga, mikono, miguu na mifupa ya nyonga, na ngozi. Unachukua alama ya juu ya kila eneo, unachagua maeneo matatu mabaya zaidi, unazidisha kila alama kwa yenyewe, unajumlisha. Ukomo ni 75.

Timu ilikuwa na paja 3, mbavu 2, ngozi 1. Tisa, jumlisha nne, jumlisha moja: 14. Hesabu ni sahihi kabisa. Kilichokosekana ni nyonga na paja la pili, vilivyokuwa chini ya suruali.

Majeraha yote yalipojulikana, nyonga iliyofunguka na kupoteza zaidi ya asilimia 20 ya damu ilipewa 5. ISS ikawa 25 + 4 + 1, yaani 30. Tazama mapaja yaliko sasa: hayapo. Nyonga na mapaja ni eneo moja, na eneo moja hutoa jeraha moja tu. Mifupa miwili mikubwa kuliko yote mwilini, ambayo kila mmoja ukivunjika unaweza kumwaga lita moja au zaidi ndani ya misuli, haikuchangia hata nukta moja. Ndiyo maana mwaka 1997 Osler na wenzake walipendekeza NISS, inayochukua majeraha matatu mabaya zaidi bila kujali yako eneo gani. Kwa NISS mgonjwa huyu ana 25 + 9 + 9: 43.

Hata hivyo sipendekezi tubadilishe fomu kutoka ISS kwenda NISS halafu tuseme kazi imekwisha. Alama zote mbili ni za kianatomia. Zinahitaji ujue kila jeraha, na hujui kila jeraha dakika ya 50. Ni vyombo vizuri vya rejista, vya kulinganisha wodi na wodi au mwaka na mwaka. Kuzifanya kengele ya kuitia damu ni kuzipa kazi ambayo hazikuumbiwa.

Na alama za kifiziolojia? Hapa ndipo kisa hiki kilinishtua zaidi kikaoni. Tulihesabu RTS, inayotumia fahamu, presha na upumuaji. Presha 98 inapata alama zote, upumuaji 26 unapata alama zote, fahamu 14 inapata alama zote. Jumla ni 7.84, kiwango cha juu kabisa, sawa na mtu mzima asiye na jeraha. RTS haiangalii mapigo ya moyo. Tukajaribu alama ya ABC, iliyotengenezwa mahsusi kubashiri mahitaji ya damu nyingi: jeraha la kupenya, hapana, presha 90 au chini, hapana, mapigo 120 au zaidi, ndiyo, damu kwenye ultrasaundi ya tumbo, hapana. Moja kati ya nne, na inahitaji mbili. Damu ya nyonga hukaa nyuma ya utando wa tumbo, ultrasaundi ya haraka haiifikii.

Ambacho kingemgundua mgonjwa huyu ni hesabu ambayo mtu anaweza kuifanya kichwani: mapigo gawanya kwa namba ya juu ya presha. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kati ya 0.5 na 0.7. Alipofika ilikuwa 1.27. Alipoandikwa kuwa ametulia ilikuwa 1.05, bado juu ya kawaida. Alikuwa mgonjwa anayeitika maji kwa muda mfupi, na kuitika kwa muda ni dalili ya damu inayoendelea kutoka.

Damu iliacha kuganda lini

Kwenye kikao mtu mmoja alisema saline ndiyo iliyoharibu kila kitu. Iliharibu, ndiyo, ila tatizo halikuanzia hapo. Mwaka 2003 Karim Brohi na wenzake, wakiwa London, waliangalia majeruhi zaidi ya 1,000 walipofika tu hospitali. Takriban mmoja kati ya wanne alikuwa tayari na hitilafu ya kuganda, na maji waliyokuwa wamepewa hayakuieleza. Vifo kati yao vilikuwa asilimia 46, dhidi ya 10.9 kwa waliokuwa na damu inayoganda sawasawa.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya. Tishu ikiumia na wakati huohuo ikikosa damu, ukuta wa ndani wa mishipa huongeza trombomodulini. Hii huishika trombini, protini kuu ya kugandisha, na kuigeuza iamshe protini C. Protini C iliyoamka huzima protini nyingine za kugandisha, namba V na VIII, na humaliza kizuizi cha kuyeyusha damu iliyoganda. Kwa hiyo mgonjwa anakuwa na shida mbili pamoja: donge linatengenezwa kwa uvivu, na lililokwisha kutengenezwa linayeyushwa. Fibrinojeni huwa ya kwanza kushuka hadi kiwango cha hatari. Yote mawili yanahitajika, jeraha kubwa na mshtuko. Ndiyo sababu ISS peke yake haibashiri vizuri nani ataacha kuganda: watu wawili wenye ISS 30 wanaweza kuwa na damu tofauti kabisa, na kinachowatofautisha ni upungufu wa besi na laktati.

Juu ya msingi huo timu iliongeza maji, na chumba cha eksirei kikaongeza baridi. Kuhusu baridi kuna jambo linalopitwa mara nyingi. Maabara hupasha sampuli hadi nyuzi 37 kabla ya kupima PT. INR ya 1.9 ilikuwa ya damu yenye joto la kawaida. Damu iliyokuwa ndani ya mgonjwa mwenye 34.1 ilikuwa inaganda vibaya kuliko karatasi ilivyosema, kwa kuwa vimeng'enya na chembe sahani hulegea kadiri joto linavyoshuka. Kipimajoto kilichokosekana dakika ya 50 kingekuwa na thamani kuliko vipimo kadhaa vya maabara.

Ile chupa ya kioo, inayofahamika zaidi kwa walioumwa na nyoka, ilitoa jibu dakika 25 kabla ya maabara. Nasisitiza kioo: plastiki haiamshi kuganda vizuri na itakudanganya. Matokeo mabaya yana maana kubwa. Matokeo mazuri yasimtulize mtu, kwa sababu kipimo hiki hugundua upungufu mkubwa tu.

Kilichofanya kazi

Jicho la muuguzi kwenye plasta ya kanula lilitangulia kila alama na kila mashine. Kukata nguo zote, shuka kukazwa mahali pake na si juu kiunoni, traneksami bila kusubiri, kalsiamu mapema, na upasuaji mfupi wenye mpaka: kila kimoja kilikuwa sahihi na vyote vilifanyika ndani ya muda wa kusaidia. Nina hakika huo ufupi wa upasuaji ndio uliobeba uzito zaidi. Kuacha mapaja bila nondo kunamuuma mpasuaji mzuri, na wao walikubali.

Siku ya tisa

Sehemu hii ilitaka kupitwa haraka kikaoni kwa kuwa mgonjwa alipona. Baada ya siku za kwanza, mwili uleule ulioshindwa kugandisha hugeuka: uyeyushaji wa damu hufungwa, fibrinojeni hupanda, mgonjwa amelala, nyonga na mapaja yamevunjika. Hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu inakuwa kubwa sana. Dawa ya kinga, heparini ya uzito mdogo, kwa kawaida inaweza kuanza saa 24 hadi 48 baada ya kuvuja kusimama. Kwa mgonjwa huyu ilianza siku ya saba. Faili linaonyesha kila siku sentensi ileile, "amevuja sana, tusubiri", imenakiliwa kutoka zamu moja hadi nyingine, wakati INR ilikuwa imerudi 1.2 tangu siku ya pili.

Idara imebadilisha fomu. ISS na NISS sasa hujazwa saa 24 baadaye, na mtu wa rejista. Mlangoni kuna mistari mitatu: mapigo gawanya kwa presha, joto la mwili, saa ya ajali. Ikiwa mstari wa kwanza ni 1 au zaidi, damu inaitwa. Na kwenye karatasi ya wodi ya wagonjwa mahututi kumeongezwa kisanduku kinachomtaka daktari aandike kila asubuhi sababu ya kutoanza heparini, kwa maneno mapya, na jina lake.